Namna ya Kutambua Kuwa Betri za Ditekta Zinakaribia Kwisha

Mchimbaji mdogo anayetafuta dhahabu kwa ditekta, yaani mashine inayolia inapohisi chuma ardhini, iwe ni Londoni wilayani Manyoni au Sekenke wilayani Iramba, hapaswi kusubiri mashine izime ndipo ajue hali ya betri, kwa kuwa baadhi ya ditekta, hasa za zamani, hupungukiwa na uwezo wa kufika chini zikiwa bado zinalia, na mtu akapita juu ya dhahabu bila kuisikia.

Kwanza fahamu aina ya betri zako. Alkalaini, zile za kawaida zisizochajiwa, huwa na volti 1.5 kila moja na hushuka polepole. Zile za kuchaji za NiMH zina volti 1.2, ambazo hudumu kwa muda mrefu kisha huporomoka ghafla. Mashine ya betri nane zilizounganishwa kwa mfuatano hupata volti 12 kutoka kwenye alkalaini lakini 9.6 kutoka kwenye NiMH, ndiyo maana alama ya chaji iliyopangwa kwa alkalaini inaweza kuonyesha upungufu ilhali betri zimetoka kwenye chaja sasa hivi.

Dalili za kawaida ni spika kufifia, mwanga wa skrini kupungua na mlio wa msingi, ule mdogo unaosikika muda wote, kuyumba. Hata hivyo, udongo mwekundu wenye chuma nyingi nao huleta milio ya uongo, hivyo inua koili, yaani ile sahani ya chini inayopitishwa juu ya ardhi, hewani, mbali na simu na nyaya za umeme. Mlio ukitulia, rekebisha mashine iendane na ardhi. Ukiendelea kuyumba, shuku betri.

Kipimo ninachokiamini zaidi ni hiki: betri zikiwa zimejaa, weka kipande kidogo cha madini ya risasi juu ya ubao, upime kwa rula umbali ambao koili inaanza kukisikia. Rudia mchana bila kugusa mipangilio. Umbali ukiwa umepungua waziwazi, badilisha betri.

Mwenye mita ya kupimia volti apime betri mashine ikiwa imewashwa, kwani betri iliyopumzika huonyesha volti kubwa kuliko nguvu iliyobaki. Alkalaini inayosoma karibu volti 1.1 wakati huo imebakiwa na kidogo sana. Badilisha zote kwa pamoja, maana moja dhaifu huzivuta nyingine, na uzitoe kabisa unapoihifadhi mashine kwa muda mrefu ili zisivuje na kula vyuma vya ndani.