Kukata mikono ya sevo: jaribu kwanza, kata baadaye (somo)

Watu wengi wakinunua sevo za gramu 9, zile mota ndogo za bluu zinazosogeza vibao vya mabawa na mkia wa ndege ya rimoti, wanafungua kipaketi cha mikono ya plastiki, wanachukua ule wa msalaba, wanakata mitatu, alafu ndio wanaenda kuufunga kwa sevo. Hiyo ni kinyume kabisa, na chini hapa ndio utaona kwa nini.

1. Washa rimoti, alafu ndege. Trimu zote (vile virekebishi vidogo vya rimoti) sifuri, sabtrimu (vile vya ndani ya menyu) pia. Sevo itajipeleka katikati yenyewe, pale kwa ishara ya mpigo wa maikrosekunde 1500. Usiizungushe na vidole, hizi gia za plastiki zinavunjika haraka.

2. Weka msalaba kwa shafti bila skrubu. Tunataka mkono na waya wa kusukuma (ule unaounganisha mkono na kibao cha ndege) vikutane nyuzi 90. Ukiona umelala kidogo, toa, jaribu mkono wa pili, wa tatu, wa nne. SG90 (hiyo sevo ya bluu ya gramu 9) iko na meno 21 kwa shafti, na 21 haigawanyiki kwa 4, kwa hivyo kila mkono unaangukia mahali tofauti kidogo. Kuruka jino moja ni kama nyuzi 17, ni mingi sana, lakini kubadilisha mkono kunakusogeza kama nyuzi 4 tu. Sevo za meno 25 ni hivyo hivyo, hapo inakuwa nyuzi 3.6. Mikono mingine hata imepigwa namba 1 hadi 4 juu yake, watu wanadhani ni urembo. Sasa ule ulitupa kwa pipa pengine ndio ulikuwa umenyooka! Ukipata mkono ulionyooka, weka alama na maka peni.

3. Toa msalaba kwa sevo ndio ukate ile mikono mingine mitatu. Koleo la kukatia waya ni sawa, na kwa hii midogo hata neilkata inafanya kazi safi. Acha kama milimita 1 au 2 kutoka kwa kile kiduara cha katikati, usikate karibu sana kwa sababu kikipasuka meno ya ndani yanaanza kuteleza na hutajua mpaka ndege iko juu. Malizia na tupa ndogo ama msasa. Mashine ya kuzunguka kasi achana nayo, nailoni inayeyuka inagandana.

4. Pinda kidogo mkono uliobaki. Ukiona mstari mweupe hapo shingoni, hiyo nailoni imeshachoka, tafuta mwingine.

5. Shimo la ndani: mwendo mdogo, nguvu nyingi. La nje: mwendo mkubwa, nguvu kidogo, sevo inaumia. Mimi naanza la ndani, nikikosa mwendo ndio natoka nje. Toboa na kibiti cha unene wa waya wako, ukizungusha na vidole. Msumari wa moto hapana, shimo linakuwa legelege, na hapa Kisumu upepo wa ziwa ukianza mchana hiyo ulegevu yote utaiona kwa mkia.

6. Rudisha skrubu ile fupi. Zile ndefu zenye ncha ni za kufungia sevo kwa bodi ya ndege, ukiweka moja hapo katikati inaweza kuharibu mambo ndani.

MASWALI

Mkubwa, mkono unacheza kwa shafti, naweza weka supaglu?
Hapana. Itashuka ndani ya sevo, na nailoni haishiki glu vizuri. Angalia kama mkono ni wa hiyo sevo kweli, wa meno 25 hauwezi kaa kwa 21.

Omera, sisi wa Kondele tumezoea spoki ya baiskeli kama waya wa kusukuma, ni sawa?
Spoki ya kawaida ni milimita 2, nene sana kwa hii mikono, ukitoboa hivyo hakuna plastiki inabaki. Tafuta waya mgumu wa milimita 1.

Si ni heri ninunue wa alumini tu niache hii kazi?
Kwa gia za plastiki sioni maana. Ndege ikianguka, wa plastiki unaweza kuvunjika wenyewe, huo wa alumini unapeleka kishindo chote kwa gia.

Nimefuata yote lakini sevo inalia hata nikiacha stiki.
Chomoa waya wa kusukuma. Ikinyamaza, kuna kitu kinakwama, mara nyingi ni kile kipande ulibakisha kinagusa bodi, ongeza tupa. Ikiendelea kulia bila waya basi shida ni ya sevo.