Namna ya kutambua mapinduzi yanapowageukia walioyapigania

Nafundisha historia, na swali linalonirudia kutoka kwa wanafunzi ni hili: hao waliouawa na mapinduzi yao wenyewe, mbona hawakuona mapema? Dalili zilikuwepo. Ukitaka kuziona, ziache hotuba, usome sheria.

Anza na sheria iliyotungwa dhidi ya adui, ile inayoshangiliwa na kila mtu. Uliza: huyo adui ni nani hasa, na nani ataamua? Machi 1793, huko Ufaransa, Danton, mmoja wa viongozi wa mapinduzi, alihimiza kuundwa kwa Mahakama ya Mapinduzi. Septemba ikaja Sheria ya Washukiwa, ambayo kwayo mtu aliweza kukamatwa kwa sababu ya maneno yake tu, au ya watu anaoshirikiana nao. Kwa sheria pana namna hiyo, nani angesalimika? Aprili 5, 1794, Danton alikatwa kichwa kwa hukumu ya mahakama ile ile. Juni 10 washtakiwa wakanyimwa hata mawakili. Robespierre, kiongozi mwenzake aliyemwangusha, aliuawa Julai 28, naye bila kesi yoyote.

Kisha watazame walioleta ushindi, siku wanapodai walichoahidiwa. Kwangu hii ndiyo dalili nzito kuliko zote, na inaniuma kila ninapoifundisha. Mabaharia wa Kronstadt, kituo cha jeshi la majini la Urusi, walikuwa nguzo ya Wabolsheviki, chama cha kikomunisti kilichotwaa madaraka mwaka 1917. Machi 1921 walidai mabaraza ya wafanyakazi na askari (soviet) yachaguliwe upya kwa kura ya siri, na wafanyakazi na wakulima wawe huru kusema. Jeshi Jekundu, jeshi la Wabolsheviki wenyewe, lilitumwa kuwavamia, likapita juu ya bahari iliyoganda. Mwezi huo huo mkutano mkuu wa chama ukapiga marufuku makundi ndani ya chama. Zinoviev na Bukharin, vinara wa chama wakati huo, baadaye walibanwa kwa katazo hilo hilo. Zinoviev alipigwa risasi 1936, Bukharin 1938.

Wala usidhani utiifu ni kinga. Tudeh, chama cha kikomunisti cha Iran, kiliendelea kumuunga mkono Khomeini, kiongozi wa mapinduzi ya 1979, huku wengine wakisakwa. Mwaka 1983 viongozi wake wakakamatwa na chama kikapigwa marufuku. Ethiopia, MEISON, chama cha mrengo wa kushoto, walisimama na Derg, baraza la kijeshi lililotawala, dhidi ya EPRP, chama kingine cha mrengo huo, na kabla mwaka 1977 haujaisha wao ndio waliokuwa wakiwindwa. Mwenzako akinyolewa, zako tia maji.

Ikiwa uko ndani ya vuguvugu lililoshinda, dai mambo haya katika wiki za mwanzo, kabla kuuliza hakujaitwa usaliti: mashtaka yaandikwe, mshtakiwa awe na wakili, pawe na rufaa, na mahakama ya dharura iwekewe tarehe ya kufungwa. Yadai kwa ajili ya mtu unayemchukia kuliko wote. Wakikataa, usikubali kuingia katika kamati inayoandika majina ya washukiwa, na waambie wenzako waziwazi kwa nini umekataa.