Jinsi ya kusimamia programu ya mafunzo ya ufundi ya serikali: mwongozo kwa afisa mpya

Mwongozo huu ni wa afisa anayekabidhiwa jalada la programu ya mafunzo kwa mara ya kwanza, awe mchumi wizarani, afisa kazi mkoani au afisa vijana wa halmashauri. Vyeo vinatofautiana lakini kazi ni ileile: kumweleza mkubwa wako, kwa ushahidi, kama fedha za umma zilizolipia mafunzo zimemfikisha kijana kwenye kazi. Utakachoulizwa kwanza ni idadi ya waliofundishwa. Itoe, ila usikubali kuishia hapo.

Mifano yangu inatoka Tanzania, kwenye uanagenzi, yaani kujifunza ufundi kwa kuufanya, wa aina ya ule ulio ndani ya Programu ya Taifa ya Kukuza Ujuzi, iliyoanza mwaka wa fedha 2016/17 chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu.

Hatua ya 1: Jua fedha ni za nani na zimeahidi nini

Waajiri wenye wafanyakazi 10 au zaidi hulipa tozo ya kuendeleza ujuzi, ambayo tangu Julai 2023 ni asilimia 3.5 ya mishahara wanayolipa. Likumbuke hilo kila unapokaa na mwajiri. Anachangia mafunzo haya kila mwezi, kwa hiyo ana haki ya kuuliza yanazaa mafundi wa namna gani.

Kisha fungua jalada usome hadidu za rejea, mkataba na chuo, na bangokitita la utekelezaji, yaani jedwali la shughuli, malengo na viashiria. Andika kwenye karatasi moja fani, eneo, muda, idadi ya wanagenzi, gharama ya kila mmoja na matokeo yaliyoahidiwa. Kama bangokitita linasema tu "vijana 400 wamepatiwa mafunzo", hiyo ni kazi iliyofanyika, bado si matokeo. Ongeza kiashiria kinachouliza wangapi wanafanya kazi ya fani waliyosomea miezi sita baada ya kuhitimu. Kiingize kabla mkataba haujasainiwa. Hapohapo omba awamu ya mwisho ya malipo ifungwe kwenye upimaji wa wahitimu, badala ya kulipa kila kitu kwa idadi ya walioandikishwa. Na hakikisha chuo kimesajiliwa na NACTVET, baraza la taifa linalosimamia vyuo vya ufundi, kwa fani hiyohiyo, kwa sababu usajili wa fani moja haukipi ruhusa ya kufundisha nyingine.

Hatua ya 2: Kusanya taarifa za kuanzia siku ya kwanza

Ukichelewa hapa, hakuna namna ya kurudi nyuma. Kila mwanagenzi ajaze fomu yenye umri (Sera ya vijana ya 2007 ilimtambua kijana kuwa wa miaka 15 hadi 35), jinsia, ulemavu kama upo, elimu, alichokuwa akifanya wiki iliyopita na alichopata. Chukua namba yake ya simu, kisha namba ya mtu asiyehama: mzazi, shangazi, jirani wa siku nyingi. Vijana hubadili laini, na miezi sita baadaye namba ya shangazi ndiyo itakayokuokoa.

Hifadhi pia orodha ya walioomba wakakosa nafasi. Ofisi nyingi huitupa, na ni hasara kubwa. Nitaeleza matumizi yake kwenye hatua ya 4.

Orodha hizi zina namba za vitambulisho na simu za watu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihusu. Usizirushe kwenye kundi la WhatsApp la ofisi.

Hatua ya 3: Nenda karakanani

Nenda wakati mafunzo yanaendelea, tena katikati ya wiki. Siku ya ufunguzi kila mtu yupo. Hesabu vichwa, hesabu mashine zinazofanya kazi, kisha omba daftari la mahudhurio. Likague kwa tarehe: chuo kilichoonyesha wanagenzi wote walihudhuria tarehe 8 Agosti, Nane Nane, au sikukuu ya Idd, kina maswali ya kujibu. Angalia pia kama sahihi za watu ishirini zimetoka kwenye mkono mmoja.

Ushahidi ninaouamini zaidi upo stoo. Omba leja ya vifaa. Darasa la uchomeleaji linalofundisha kwa vitendo linamaliza vyuma na vijiti vya kuchomelea. Darasa la ushonaji linamaliza kitambaa, uzi na sindano. Ikiwa mafunzo yana miezi minne na stoo haijatoa kitu tangu mwezi wa kwanza, vijana wanaandika ubaoni tu, hata daftari la mahudhurio liwe safi namna gani.

Kaa na wanagenzi bila mkuu wa chuo kuwepo. Usimuulize kijana kama mafunzo ni mazuri, maana atakujibu kwa adabu kwamba ni mazuri sana. Mwambie akuonyeshe kitu alichotengeneza na kila hatua aliyopitia. Waulize wasichana kuhusu vyoo, usalama wa njiani, na nani anayeshika mashine wakati wa vitendo. Pale wasichana wanapoachwa kufagia huku wavulana wakichomelea, lazima iandikwe kwenye taarifa, kwa sababu fedha zao zimelipwa sawa.

Hatua ya 4: Wafuatilie wahitimu

Hapa ndipo penye uzito wa kazi yote, na ndipo taarifa nyingi hulegea.

Tuseme walioanza ni 400, wakahitimu 320. Huwezi kuwapigia wote, kwa hiyo unachukua 100. Wachague kwa bahati nasibu kutoka orodha nzima. Excel inaweza kumpa kila mhitimu namba ya bahati, ukapanga, ukachukua 100 wa juu. Usipokee majina yaliyoteuliwa na chuo. Watakupa waliofanikiwa, na hilo halihitaji hila, kwani mwalimu yeyote humkumbuka zaidi mwanafunzi aliyefika mbali.

Ukimuuliza kijana kama ana kazi, anayefunga nyaya za umeme kwenye nyumba za majirani anaweza kusema hana, kwa kuwa anasubiri kuajiriwa. Muulize hivi: "Katika siku saba zilizopita, ulifanya shughuli yoyote ya kukupatia hela?" Kisha uliza shughuli gani, saa ngapi kwa jumla, alipata kiasi gani na kama ni ya fani aliyosomea. Kipimo cha Shirika la Kazi Duniani huhesabu hata saa moja kwa wiki. Kwa takwimu za nchi kina sababu zake, lakini kwa programu ya ujuzi saa moja haitoshi, ndiyo maana nasisitiza uandike saa zenyewe.

Sasa tuseme katika wale 100 umewapata 62, na 40 kati yao wanafanya kazi ya fani. Wengi wataandika asilimia 65, yaani 40 kwa 62, wakawasahau 38 ambao simu hazikupokelewa. Huko ni kudhani kwamba wasiopatikana wanafanana na waliopatikana, na hakuna aliyelithibitisha. Kama wote 38 hawana kazi, kiwango ni asilimia 40. Kama wote wanayo, ni 78. Andika "kati ya asilimia 40 na 78", halafu fanya juhudi ya kuipunguza nafasi hiyo: piga jioni, piga Jumapili, tumia namba ya shangazi, na kwa wachache kati ya wasiopatikana mwombe afisa wa kata awafuate nyumbani.

Kisha rudi kwenye orodha ya walioomba wakakosa. Wachague kwa njia ileile, uwaulize maswali yaleyale. Kama 30 kati ya 100 wameshapata kazi za fani hiyo bila mafunzo, huwezi kuisifia programu kwa ajira zote za wahitimu wako. Ulinganisho huu una kasoro endapo walichaguliwa kwa usaili, maana waliopita huenda walikuwa na uwezo zaidi tangu mwanzo. Itaje kasoro hiyo kwenye taarifa na uendelee.

Mafundi wanaorasimishiwa ujuzi walioupata nje ya mfumo rasmi, yaani wanaopewa cheti cha ujuzi walionao tayari, wapimwe tofauti. Fundi wa gereji aliyefanya kazi miaka mingi tayari anayo kazi. Muulize kama cheti kimempandishia malipo, kimempa tenda au kimemwezesha kuajiriwa mahali alipokataliwa.

Hatua ya 5: Piga hesabu ya gharama

Tuseme chuo kililipwa shilingi milioni 240. Kwa walioandikishwa 400, kila mmoja amegharimu 600,000. Kwa wahitimu 320, ni 750,000. Kwa wanaofanya kazi, asilimia 40 ya wahitimu ni 128, na gharama ni 1,875,000 kwa kila mmoja. Kwa asilimia 78 wanafika kama 250, na gharama inashuka hadi takribani 960,000. Weka namba zote nne kwenye jedwali moja.

Linganisha fani kwa fani. Uchomeleaji hula vifaa kuliko kozi nyingi, na chuo kinachopokea vijana wenye ulemavu kina gharama halali za ziada. Ukivipanga vyuo vyote kwa unafuu tu, mwakani hakuna atakayewapokea vijana hao.

Hatua ya 6: Tembelea waajiri

Wachache wanatosha. Muulize fundi mkuu: kazi gani unampa mhitimu huyu bila kumsimamia? Majibu yapeleke kwa walimu wa fani husika.

Hatua ya 7: Andika dokezo

Kabla ya kulipeleka juu, wape chuo siku chache wasahihishe ukweli wa takwimu. Hitimisho libaki lako.

Dokezo lisizidi kurasa mbili: tulichoahidi, tulichokuta pamoja na nafasi ya shaka, na mapendekezo yasiyozidi matatu, kila moja likiwa na mhusika na tarehe. "Uratibu uimarishwe" si pendekezo. "Chuo kinunue vyerehani sita kabla ya awamu ya pili kulipwa" ni pendekezo.

Angalia kalenda. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai na mkutano wa bajeti Bungeni huanza Aprili. Taarifa ikifika Mei, mgawanyo wa fedha umeshapangwa na vijana wa awamu ijayo watapelekwa chuo kilekile. Panga ufuatiliaji urudi nyuma kutoka Novemba, wizara zinapoandaa mipango yao.

Mwisho, weka jaladani dodoso, namna sampuli ilivyochaguliwa, idadi ya wasiopatikana na jedwali la majibu yasiyo na majina, ili mkaguzi kutoka ofisi ya CAG (Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali) au afisa atakayekupokea aweze kuirudia hesabu yako na kupata namba ileile.