Somo: Kuzamia na mtungi kwenye matumbawe ya kisiwa cha Mnemba (Unguja) na Misali (Pemba)

Assalaam alaykum. Wanaokuja Unguja au Pemba kuzamia kwa mara ya kwanza, fuateni mpangilio huu.

1. Tazama mwezi kabla hujalipa. Hili ndilo wageni wanalisahau, nami naliona kubwa kuliko yote. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu huja bamvua: maji ya Unguja hupanda na kushuka karibu mita 4, mkondo wa Mnemba unakuwa mkali na maji yanachafuka. Panga safari kwenye maji mafu, yaani siku ya 8 hadi 10 tangu mwezi kuandama, au ya 22 hadi 24. Pemba ina raha yake, lakini mwamba unashuka wima kwenye kilindi cha mamia ya mita, na kwenye mlango wa bahari kama wa Njao maji yakipwa yanakuvuta nje. Anayeanza aanzie Mnemba, tena wakati wa maleleji, pepo zinapopishana.

2. Cheti. Bila cheti utashuka na mwalimu tu, usizidi mita 12. Cheti cha kwanza kinakufikisha mita 18. Mwenye pumu au moyo amwone daktari kwanza, mjamzito asizamie.

3. Masikio. Kila mita 10 huongeza kanieneo sawa na ile ya hewa yote iliyo juu yetu, kwa hiyo mita 10 za kwanza tu huifanya mara mbili: shida iko mwanzoni, si chini kabisa. Bana pua, puliza taratibu, kila mita moja, kabla hujasikia maumivu. Yakikataa, panda kidogo ujaribu tena. Usilazimishe hata kidogo. Ukiwa na mafua, baki kwenye boti.

4. Chini, pumua muda wote. Ukizuia pumzi huku unapanda, hewa hutanuka na pafu linaweza kupasuka. Matumbawe usiyaguse wala usiyakanyage kwa mapezi. Ni viumbe hai. Mwaka 1998 bahari ilipopata joto, mengi ya Misali yalikufa, na yanayorudi yanahitaji kuachwa.

5. Panda polepole, usizidi mita 9 kwa dakika. Simama mita 5 kwa dakika 3. Geji ya hewa ya mtungi ikisoma bar 50 uwe umeshafika juu.

Maswali

Maalim, mimi navaa hijabu. Nitaweza?
Utaweza, dada yangu. Suti ndefu ya kuzamia inafunika mwili, na kuna kofia ya kuvaa nayo. Angalia tu kitambaa kisipite chini ya ukingo wa miwani, maji yatapenya.

Nikizamia asubuhi, jioni nipande ndege ya Dar?
Hapana. Nitrojeni ya hewa uliyovuta chini bado imo mwilini, na angani inaweza kufanya mapovu. Ukizamia mara moja, zipite saa 12. Ukizamia zaidi ya mara moja, saa 18. Ukiwa na haraka, rudi kwa boti.

Na Chumbe?
Chumbe hapazamiwi kwa mtungi. Mwamba wa magharibi ni hifadhi tangu 1994, unatazamwa kwa miwani na mrija. Kama una watoto wanaojua kuogelea, wapeleke huko kwanza.