Akishawekewa stenti ya koo: jinsi ya kumsaidia mgonjwa wa kansa nyumbani

Kabla hamjatoka wodini muulizeni daktari hii waliyomfanyia ni ya nini hasa, maana stenti (kibomba cha wavu kinachowekwa ndani ya koo) haiondoi kansa, kazi yake ni kupanua njia ya chakula ili mtu ameze, sasa ukikaa unamuangalia kama ananenepa utaumia roho bure. Angalia kumeza tu. Kama juzi hata maji yalikuwa shida na leo supu imeshuka, basi imefanya kazi.

Siku za mwanzo kifua kinaweza kuuma kwa sababu stenti inajitanua, apewe dawa ya maumivu kwa saa yake, sio mpaka alie. Aanze na vya majimaji afu vilaini, kidogo kidogo mara nyingi kwa siku, akae wima, atafune mpaka kilainike kabisa na awe anapiga funda la kinywaji katikati ya kula na akimaliza. Mkate, nyama ya nyuzinyuzi na maganda ya matunda ndo vinaongoza kwa kuziba. Ikiziba asisukumizie na tonge lingine (wengi wanaharibu hapo), aache kula, asimame atembee tembee huku anakunywa maji ya vuguvugu au soda taratibu, isipofunguka hospitali. Ila kama hata mate hayapiti usimpe kitu chochote, mpeleke tu.

Akishakula asilale hapo hapo, na usiku kichwa kiwe juu, maana stenti ikiwa imepita pale chini koo linapoingia tumboni asidi inapanda.

Mofini nayo, ile dawa kali ya maumivu, watu wanaiogopa bila sababu, daktari akiipanga vizuri inampa mtu usingizi na hamu ya kuongea, shida yake kubwa ni kufunga choo, so dawa ya kulainisha choo ianze siku ile ile.

Kutapika damu, choo cheusi kama lami, homa na kutetemeka, kifua kubana ghafla: hayo hayasubiri kesho.

Na jamani msimlazimishe kula, mwili wenye kansa iliyosambaa mara nyingi hauna njaa kabisa na kugombana mezani kunamaliza siku yake. Muulizeni anataka nini wiki hii, labda kukaa nje jioni au kuongea na mtu fulani, nguvu kidogo alizonazo ziende huko kwanza, hata kuoga kukisogea mpaka kesho sawa tu.