Ukienda Ludlow anzia sokoni

Watu wetu wengi wakifika Uingereza wanaishia London, picha mbili tatu pale Big Ben halafu haya, ndege ya Entebbe. Kama una siku moja imebaki panda treni uende Ludlow, mji mdogo wa soko huko Shropshire karibu na mpaka wa Wales, treni za kati ya Shrewsbury na Hereford zinasimama hapo na kutoka stesheni ni mguu tu.

Usikimbilie ngome. Anza na soko lenyewe pale Castle Square, fika Jumatatu, Jumatano, Ijumaa au Jumamosi ulikute limechangamka. Simama katikati ya meza za wauzaji uangalie, upande mmoja geti la ngome, upande mwingine mitaa inateremka imenyooka kuelekea mtoni. Wanormani, wale waliotoka Ufaransa wakaiteka Uingereza, walijenga ngome mwishoni mwa karne ya 11, soko likakaa mlangoni pake, mji ukakua kutokea hapo.

Sasa ingia ngomeni, kuna kiingilio lakini lipa tu. Humu ndimo alimofia Prince Arthur mwaka 1502, mrithi wa ufalme, miaka 15 peke yake jamani. Mjane wake, Catherine wa Aragon, baadaye akaolewa na Mfalme Henry VIII, mdogo wake huyo Arthur, na Henry alipotaka kuivunja hiyo ndoa Papa akakataa ndio kanisa la Uingereza likajitenga na Roma. Kwa hiyo wewe unayesali Namirembe, kanisa kuu la Waanglikana kule Kampala, habari ya kanisa lako inapita kwenye hizi kuta zisizo na paa, zitembelee polepole.

Ukitoka nenda kanisa la St Laurence, lililojengwa kwa utajiri wa sufu na nguo. Waulize wahudumu wakuonyeshe viti vya mbao vya kwaya, vile vya kukunja, michongo iko chini ya kiti. Mmoja ni mama muuza pombe aliyekuwa anapunja wateja, shetani kambeba anampeleka motoni! Wafanyabiashara wa mji walikuwa wanalijua hilo somo vizuri sana.

Jengo la The Feathers la 1619, lililokuja kuwa hoteli, litazame kwa nje inatosha, mbao zake zimechongwa balaa. Halafu shuka Broad Street upite chini ya Broad Gate, geti la zamani lililobaki, vuka daraja la Ludford kisha panda kilima cha Whitcliffe, mji wote unaingia kwenye picha moja. Viatu viwe vya kutembelea maana kurudi stesheni ni kupanda tena.