Somo: Kufunga na kutumia nobu ya sauti ya analogi kwa spika za monita

Somo hili ni la produsa anayefanyia miksi nyumbani: kompyuta, intafesi (kifaa kinachoingiza na kutoa sauti ya kompyuta) yenye matundu mawili ya kutoa sauti, na spika mbili za monita juu ya meza. Wengi wetu hapa Nairobi chumba cha kazi ndicho hicho hicho cha kulala, na sauti tunaipandisha na kuishusha kwa kipanya. Asubuhi umeiweka hapa, jioni umeiweka pale, na kila ukikaa chini masikio yanaanza upya. Besi uliyoipenda Jumatatu inakuwa nzito Alhamisi, ukaipunguza, na Jumamosi wimbo ukipigwa kwenye nganya (matatu) ya Rongai unakuta besi haipo.

Nobu ya analogi ni kisanduku kinachokaa kati ya intafesi na spika. Kwangu mimi kazi yake kubwa si kushusha sauti. Kazi yake ni kukupa kiwango kimoja unachokijua, unachoweza kukirudia kesho na keshokutwa bila kukisia. Hatua zote hapa chini zinaelekea huko.

Utasikia wauzaji wakisema kwamba kushusha sauti ndani ya kompyuta kunaharibu ubora. Ni kweli kila desibeli 6 unazoshusha zinakula biti moja ya usahihi wa sauti ya kidijitali, lakini kwenye biti 24 kuna nafasi ya desibeli 144 hivi, kwa hiyo usinunue kisanduku kwa hofu hiyo. Nunua kwa sababu ya kiwango, na kwa sababu ya usalama: siku programu itakapokwama na kutema kelele kwa nguvu zote, nobu ya kweli iliyoko mbele ya mkono wako ndiyo itakayookoa masikio na spika.

Kabla hujatoa pesa

Tazama intafesi yako. Ikiwa ina nobu nzuri ya monita upande wa mbele na una jozi moja tu ya spika, pengine huhitaji kitu kingine. Tumia nobu hiyo na uruke hadi hatua ya tatu. Kisanduku kinakuwa na maana ukitaka kitufe cha mono (kinachochanganya kushoto na kulia kuwa sauti moja), kitufe cha kunyamazisha, kitufe cha kushusha ghafla kwa desibeli 20 mtu akiingia mlangoni, au kubadilisha kati ya jozi mbili za spika.

Kuna vya aina mbili. Vya pasivu havitumii stima kabisa. Ndani ni potenshiometa (kinzani cha kuzungusha kinachopunguza sauti) na swichi basi. Mackie Big Knob Passive na TC Electronic Level Pilot viko kundi hili. Vya aktivu vina saketi za kukuza signali, vinahitaji adapta, na mara nyingi vina tundu la hedifoni. Kwa chumba kidogo na waya fupi ninapendelea pasivu: haiongezi kelele yake, na haina adapta ya kuungua stima ikirudi kwa kishindo. Ukienda maduka ya Luthuli Avenue, izungushe nobu kwa vidole kabla hujalipa. Iwe nzito kidogo, isicheze kushoto na kulia kama jino bovu.

Hatua ya kwanza: waya

Unahitaji jozi mbili. Jozi ya kwanza inatoka intafesi kuingia kisanduku, ya pili inatoka kisanduku kwenda spika. Ziwe za balansi zote nne, yaani zinazobeba signali mara mbili, chanya na hasi, ili kelele ya njiani ifutike. Jeki ya balansi utaitambua kwa pete mbili nyeusi kwenye chuma chake. Yenye pete moja si ya balansi, ni ya gitaa. Kwa XLR (plagi ya duara yenye pini tatu), pini ya 1 ni graundi (ethi), ya 2 ni chanya, ya 3 ni hasi. Ukimpa fundi kazi ya kulehemu, mwandikie namba hizo kwenye karatasi, kwa sababu pini ya 2 na ya 3 zikibadilishana upande mmoja utahangaika bila kujua shida iko wapi.

Waya wa kutoka kisanduku kwenda spika uwe mfupi, na sababu yake inaeleweka kwa hesabu. Chukua kisanduku cha pasivu chenye potenshiometa ya kiloomu 10. Inapofika pale volti imebaki nusu, ukinzani wake wa kutoa unafikia robo, yaani oomu 2,500. Waya wa kawaida una kapasitansi ya pikofaradi 100 hivi kwa kila mita. Ukiwa na mita 3, upungufu wa trebo (sauti za juu) unaanza juu ya kilohezi 200, ambako hakuna sikio linalofika. Ukiwa na mita 30 unashuka hadi kilohezi 21 hivi, na hapo tayari unagusa ukingo wa kinachosikika. Waya wa kutoka intafesi kuingia kisanduku hauna tatizo hili, kwa hiyo kama lazima mmoja uwe mrefu, uwe huo.

Hatua ya pili: kuunganisha

Zima spika. Unganisha kushoto kwa kushoto, kulia kwa kulia, nobu ikiwa chini kabisa. Washa kompyuta, kisha intafesi, spika ziwe za mwisho. Kuzima ni kinyume chake: spika kwanza. Ufuate utaratibu huu kila siku, hata ukiwa na haraka.

Hatua ya tatu: kuweka kiwango

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo watu wanaparuka.

Ninaisoma nobu kama mshale mfupi wa saa ya ukutani. Chini kabisa ni saa moja, juu katikati ni saa sita, mwisho ni saa kumi na moja. Potenshiometa ya stereo ni mbili zilizoshikana kwenye mhimili mmoja, na kule chini, kati ya saa moja na saa tatu, hazilingani vizuri. Upande mmoja unazidi mwingine na mwimbaji anahama kutoka katikati. Kwa hiyo tunataka kazi ya kila siku ifanyike kati ya saa tano na saa nane.

Weka sauti ya kompyuta juu kabisa na uiache hapo. Towe la intafesi (sauti inayotoka) nalo juu, isipokuwa kama nobu unayotumia ni ya intafesi yenyewe. Nyuma ya spika, shusha geini (nobu ya ukuzaji wa sauti ya spika) hadi mwisho. Kama kuna swichi ya kiwango cha signali, +4 na −10, chagua +4. Sasa peleka nobu saa sita kamili.

Cheza pinki noizi (mvumo wa majaribio wenye sauti za chini hadi za juu) yenye wastani wa desibeli −20 kwenye mita ya programu yako, spika ya kushoto peke yake. Shika kipima sauti pale kichwa chako kinapokaa, kikiwa kwenye uzani wa C (mpangilio unaohesabu besi pia) na mwendo wa polepole. Mwenye iPhone anaweza kutumia programu ya bure ya NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini. Pandisha geini ya spika taratibu mpaka kipimo kisome kati ya 74 na 76. Studio kubwa na kumbi za filamu hutumia 83 hadi 85, lakini chumba chenye kitanda na kabati hakiwezi kubeba hiyo. Sauti inarudi kutoka ukutani na kukudanganya. Nyamazisha kushoto, fanya vivyo hivyo kulia hadi usome namba ile ile. Zikipiga pamoja kipimo kitapanda kwa desibeli 3 hivi, ni sawa.

Bandika kipande cha tepu pembeni ya nobu, chora mstari kwa kalamu. Bandika tepu nyingine juu ya geini za spika ili asiziguse mtu.

Hatua ya nne: kuitumia

Anza miksi nobu ikiwa kwenye mstari. Wimbo ukikuumiza masikio pale, miksi yako ni kubwa mno. Shusha fada (vitelezo vya sauti kwenye programu), usishushe nobu. Wimbo ukiwa mdogo, pandisha fada, usipandishe nobu. Baada ya wiki chache mkono utajua wenyewe sauti ya mwimbaji inakaa wapi.

Bonyeza mono mara kwa mara. Wimbo wako utasikika kwenye spika moja ya simu, kwenye redio ya kinyozi, kwenye hema la arusi. Kitu kikipotea kwenye mono, kwa wasikilizaji wengi hakipo.

Na pumzika. Mwongozo wa NIOSH ni desibeli 85 kwa saa 8; kila desibeli 3 zinazoongezeka zinakata muda kwa nusu, kwa hiyo 88 ni saa 4 na 91 ni saa 2.

Maswali ya wanachama

Mwanachama, Umoja: Mwalimu, habari. Nimefunga kisanduku cha pasivu, lakini nasikia mngurumo wa chini hata nobu ikiwa sifuri. Laptopu ikitolewa chaja unapungua.

Jibu: Salama, ndugu yangu. Nobu ikiwa sifuri na mngurumo upo, basi unaingia baada ya nobu au kupitia graundi. Stima yetu ni hezi 50, na mngurumo wa graundi unasikika kwenye 50 na 100. Chomeka laptopu, intafesi na spika kwenye ekstensheni moja, kwenye soketi moja ya ukuta. Kisha angalia kama waya zako ni za pete mbili kweli. Usikubali fundi akuambie ukate pini ya ethi ya plagi. Pini hiyo inalinda uhai wako.

Mwanachama, Pipeline: Kaka, ukuta wangu na wa jirani ni kama karatasi. Desibeli 75 keateka atakuwa mlangoni. Nifanyeje?

Jibu: Pole, naielewa Pipeline. Chora mstari wa pili, chini ya ule wa kwanza kwa desibeli 10 hivi, na ufanye kazi nyingi hapo. Lakini jua kwamba sauti ikishuka, sikio linapoteza besi kuliko sehemu za kati. Fletcher na Munson walilipima jambo hili Marekani tangu 1933. Ukisawazisha besi usiku kwenye mstari wa chini utaizidisha. Maamuzi ya besi na kiki (ngoma nzito ya chini) yaache mchana jirani akiwa kazini, upandishe hadi mstari wa kwanza kwa dakika chache, uamue, ushuke.

Mwanachama, South B: Nikibonyeza mono besi inakufa kabisa na sauti ya mwimbaji inakuwa nyembamba. Miksi zote, hata nyimbo za watu wengine.

Jibu: Dada, nyimbo za watu wengine zikifanya hivyo miksi yako haina kosa. Waya mmoja kati ya intafesi na kisanduku umelehemiwa kinyume, pini ya 2 na ya 3. Badilisha waya mmoja mmoja mpaka upate mwenye kosa. Bila mono pia utakuwa umesikia mwimbaji hana mahali pa kukaa, kama yuko nyuma ya kichwa. Ukirekebisha, atakaa katikati kabisa.

Mwanachama, Kayole: Sina monita zenye umeme ndani. Nina amplifaya ya zamani na spika za mbao. Kisanduku nikiweke kati ya amplifaya na spika?

Jibu: Hapana, tafadhali! Kisanduku hiki ni cha signali ndogo ya laini. Nguvu ya amplifaya itachoma potenshiometa, na amplifaya yenyewe inaweza kufa. Kiweke kati ya intafesi na amplifaya. Nobu ya amplifaya ndiyo inachukua nafasi ya geini ya spika: iweke kiwango kwa pinki noizi, ibandike tepu, usiiguse tena. Kwa kuwa amplifaya nyingi za nyumbani huingiza kwa RCA (plagi ndogo isiyo ya balansi), usijitengenezee waya wa kukisia. Soma kitabu cha intafesi yako kinasemaje kuhusu kutoa bila balansi.

Mwanachama, Kasarani: Nobu yangu imeanza kukwaruza nikiizungusha. Jirani ana WD-40 ya kawaida, nipulize?

Jibu: Usipulize hiyo, itaacha mafuta yanayokusanya vumbi zaidi. Tafuta dawa ya kusafisha viunganishi vya elektroniki. Zima spika, puliza kidogo kwenye uwazi wa potenshiometa, zungusha mwanzo hadi mwisho mara nyingi, acha ikauke vizuri ndipo uwashe. Ukwaruzo ukirudi baada ya muda mfupi, utepe wa ndani umelika, badilisha potenshiometa. Mwambie fundi unataka ya logi (inayopandisha sauti jinsi sikio linavyoisikia), ya stereo, thamani ile ile iliyoandikwa mgongoni. Kisanduku cha balansi kinaweza kuwa na potenshiometa ya tabaka nne, kwa hiyo nenda dukani na ile ya zamani mkononi.

Mwanachama, Kahawa West: Stima ikipotea na kurudi, spika zinapiga "bup" kubwa. Nilidhani nobu ikiwa chini haitatokea.

Jibu: Kishindo hicho kinatoka kwenye amplifaya ya ndani ya spika yenyewe, na nobu iko kabla yake, kwa hiyo haiwezi kukizuia. Kinachotoka kwenye intafesi ndicho inachozuia. Stima ikipotea, kitu cha kwanza nyosha mkono uzime swichi za spika nyuma. Ikirudi subiri dakika chache itulie, washa intafesi, mwisho spika. Kama una yupiesi ndogo (betri ya akiba ya stima), iwekee kompyuta na intafesi ili usipoteze kazi. Spika acha zizimike tu.